Kichupa cha Dume wa Mahege

Kibiti, Rufiji

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu wako vipi, uvimbe umepungua, au bado unaupandisha ngazi kwa ubishi? Mimi mwili sijambo, ila sina raha tangu ifike barua yenu. Nasema yenu kwa sababu maneno yanaitwa yako na mwandiko ni wa kaka Athumani, na sijui wewe umeishia wapi na yeye kaanzia wapi. Imeniambia nisije Idi mpaka nikubali kunyweshwa kombe la aya, eti nimekuwa mchawi, na yule mchumba mliyenitafutia, Bwana Saidi, amerudi Tanga akitetemeka. Haya, sasa nisikilize mimi. Barua hii akusomee mdogo wangu Mwanaidi. Kaka asiiguse.

Kazi yangu unaijua kidogo. Mradi umetuleta huku kutazama misitu iliyobaki ina viumbe gani, kabla haijaisha kuwa mkaa na mbao, maana siku hizi kila mwenye msumeno ni mfanyabiashara. Wenzangu wamepewa ndege na vyura. Mimi nimepewa majongoo. Cheka tu, wote hucheka.

Majongoo, mama, ukiwatazama juu juu utadhani wote wamezaliwa tumbo moja. Weusi, wanang'aa, wanajikunja. Mungu amewatofautisha mahali pamoja tu, na usione haya nikikutajia, ni jongoo. Hesabu pingili kutoka kichwani. Kwenye ya saba, jike ana miguu kama kwingine kote. Dume pale hana miguu ya kutembelea, ana vijikulabu vidogo vilivyokunjwa kwa ndani, vya kumwendea jike. Kila aina ina umbo la vijikulabu vyake, kama funguo za milango mbalimbali. Basi hivyo ndivyo ninavyovitoa kwa sindano nikitazama kwenye hadubini, naviweka katika kichupa chake chenye spiriti, nabandika karatasi: dume, na mahali alipopatikana. Jike peke yake hata umwangalie mpaka macho yakutoke, hakupi jina.

Vibarua wa Mahege, kijiji cha hapa jirani chenye kimsitu kilichobaki, niliwaambia nataka madume. Wakaniletea majongoo walionona, warefu kama kiganja na zaidi, wamewabeba kwa vijiti maana hapa hakuna anayemshika jongoo kwa mkono. Wakasema, hawa ndio madume wenyewe, tazama ukubwa. Nikawageuza mmoja mmoja. Wote majike. Dume ni mwembamba, mdogo, yuko chini ya majani mabovu na hana makuu. Nikawaeleza, wakaguna, wakaenda kuniletea wengine wakubwa zaidi. Mwisho niliingia mwenyewe kwenye kile kimsitu, mvua inaninyeshea, na nikampata mmoja. Mwenye miguu myekundu, ambaye sijamwona katika kitabu chochote. Mmoja tu msimu mzima. Nilifurahi nikashindwa kula, na Bi Tatu, mwenye nyumba yangu, akanipikia uji akidhani nina homa.

Ndipo akaja Bwana Saidi wako. Alikuwa amekuja kununua boriti za mikoko kule delta, akaona apitie kumtazama mchumba. Viatu vya ncha, miwani ya jua ndani ya nyumba, na redio kaseti mpya ameibeba begani mpaka mezani. Akatuhutubia kwamba sasa kila kitu ruksa, mwenye akili anaagiza Dubai, na mimi nikiolewa nitaacha kuchezea wadudu nikae dukani kwake kuuza redio. Nilimkaribisha chakula kwa heshima yako. Bi Tatu alikuwa amekaa nasi mkekani kama inavyotakiwa, na alikuwa amepika pilau la kuku wake mwenyewe.

Alipokwenda kunawa akapitia chumba changu cha kazi, akaona vichupa vimepangwa rafuni. Akasoma karatasi. Dume, dume, dume. Akauliza ni nini. Bi Tatu, ambaye hajui kupaka maneno asali, akamjibu:

"Uume wa majongoo huo. Anaukata yeye mwenyewe kwa sindano, na mkono haumtetemeki."

Nilianza kumfafanulia, lakini sikio lilikuwa limeshaziba. Pilau hakuligusa. Alikaa amebana magoti kama mtu aliyeshikwa na mkojo, kisha akasema ana safari ya alfajiri. Mwanamume mzima, kifua kama mlango wa ghala, anakimbia kisichozidi punje ya mchele.

Asubuhi kichupa cha Mahege hakikuwepo.

Hakwenda Tanga moja kwa moja, mama. Alikwenda Ngorongo kwa mganga. Nilipopata habari nikaenda huko na Bi Tatu, nikamkuta mganga anaziba pancha ya baiskeli, hasira zimempanda kabla hata sijasalimu. Nikamuuliza kichupa kiko wapi.

"Nilimwambia, bwana, hiki kipande cha jongoo tu. Akanuna," akasema. "Mtu keshaamua karogwa, mie n'tamwambia nini? Nikamwambia akatupe mtoni, asitazame nyuma."

Basi akatupa. Pale Ndundu, juu ya kivuko, mbele za watu. Wenyewe husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Yeye alitupa na chupa.

Nililia, mama. Nililia njia nzima na sikujali nani ananiona. Nimerudi Mahege mara nyingi, mvua zimekwisha, nimeambulia majike. Na kile kimsitu nimekuta kimeanza kufyekwa upande mmoja, sijui mwakani nitarudia nini. Kiumbe hana jina, na huenda akaisha hana jina, kwa sababu mwuza redio aliogopea kilichomo ndani ya suruali yake.

Huyo ndiye mliyesema ananifaa. Simtaki. Kaka najua amekwisha kupokea redio ya Saidi, ndiyo sababu anaona uchawi kwangu na haoni ujinga kwa rafiki yake. Airudishe au asirudishe, mimi simo. Na kombe sinywi. Aya za Mungu haziandikwi ili kumtuliza Saidi.

Msalimie shangazi aliyeleta posa, mwambie nimemsamehe, alidanganywa na viatu. Msalimie mke wa kaka, aliyeapa watoto wake hawatalala chumba kimoja na mimi. Nawapenda hivyo hivyo. Mwalimu wangu wa chuoni, yule jirani wa mtaa wa nyuma, mpe salamu za heshima. Mwanaidi nimemwekea kanga. Bi Tatu anakusalimu sana, anasema binti yako ana mdomo lakini hana ubaya.

Hao wote waamini watakavyo, nitawaweza. Wewe ndiye nisiyejua. Hukuniambia kwa kinywa chako, nami siwezi kulala juu ya mwandiko wa kaka. Nitakuja Idi, barabara ikipitika. Nitapiga hodi mlango wa uani, ule ulio karibu na kitanda chako. Najua mguu unauma, lakini inuka wewe. Akija kunifungulia mwingine, nitakuwa nimepata jibu, na nitageuza na mzigo wangu hapo hapo mlangoni.

Mwanao uliyemnyonyesha,
Zuhura