Kengele ya Mareike Stickel

KITUO CHA POLISI, HARTHOFEN, UJERUMANI
MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Gerolf Häfele. Umri: miaka 58. Kazi: fundi wa vipima mtetemo, kiwanja cha kujaribia injini za roketi. Makazi: Harthofen.

Kwa miaka thelathini na moja, injini ikiugua niliitwa mimi. Mwaka jana akaletwa Mareike Stickel, mhandisi wa miaka ishirini na tisa, na programu yake inayosoma mitetemo na kupiga kengele kabla injini haijaharibika. Kantini wenzangu walinitania, "Häfele, umeletewa mke mwenza!" Nilicheka nao. Nyumbani sikula.

Mnamo tarehe 14 Mei 2024, saa kumi jioni, nililegeza waya wa kipima mtetemo cha pampu ya mafuta. Nilitaka kengele yake ilie bure mbele ya wakubwa.

Tarehe 15 Mei, saa nne na dakika kumi asubuhi, injini iliwashwa. Sekunde ya ishirini na mbili kengele ikalia. Mareike akapiga kelele, "Zimeni! Pampu inakufa!"

Msimamizi wetu, Bwana Eberle, akanigeukia. "Mzee, unasemaje?"

"Waya tu huo," nikajibu. "Binti ana woga."

Kusema kweli, moyo wangu ulifurahi. Bwana Eberle akaiacha iendelee. Sekunde nane baadaye pampu ilipasuka na moto ukashika. Mzimamoto wetu, Utz Kolb, aliungua mikono yote miwili.

Saa nane mchana nilikagua mabaki. Waya ulikuwa umekazwa. Mareike alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Niliukuta umelegea asubuhi, nikaukaza," alisema. "Nilidhani ulichoka tu, Mzee, ukausahau. Sikutaka wakuseme."

Nikafunga sanduku langu la vifaa, nikaondoka.

Leo mmeniita kwa sababu kamera ilimwonyesha akiushika waya ule, na mnamshuku yeye. Hakuharibu kitu. Alitengeneza nilichokiharibu mimi, na kengele yake ilisema kweli.

Niliyoyatenda nimeyasema bila kulazimishwa, na haya ndiyo maelezo yangu.

(Sahihi) G. Häfele, 21 Mei 2024, saa tano na nusu asubuhi.

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea, amekubali ni sahihi. Ameuliza kama Bi. Stickel bado amekaa kwenye benchi la mapokezi. Nimemwambia yupo. Ameomba yeye mwenyewe apitishwe mlango wa nyuma. Nimemkatalia, kwa kuwa sasa yuko chini ya ulinzi na njia ya mahabusu inapita mapokezi.

Sajini Wiltrud Maurer