Mayu, Nilikutoa Mweupe Mno

Shikamoo, Mayu. Najua marahaba haitakuja, ila ulivyonilea siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo.

Nimechoka, mama. Wiki ya tatu sasa, kila nikitoka kazini nakaa mbele ya deki mbili za video na ule mkanda wa siku tuliyoanika michembe ya viazi juu ya mwamba, nyumbani Mwakitolyo. Unaikumbuka? Nilikuja na kamera ya begani, najiona bwana mkubwa. Wewe ukaacha viazi, ukajifunga kitenge upya, ukanionya: "Usinitoe mweusi kama ulivyomtoa yule bibi harusi wa watu!"

Nikacheka, nikatii. Tena si wewe peke yako. Mjini wateja wote walikuwa na wimbo huohuo; wakijiona weusi kwenye mkanda wananuna mwezi mzima. Kwa hiyo nilishazoea kufungua mwanga wa kamera hadi mwisho, ukumbini, kanisani, popote. Na pale mwambani, saa saba mchana, jua la Shinyanga linachoma, nikaufungua vilevile. Mjinga mimi! Umetoka mweupe pe. Kitenge kinaonekana kwa sababu kilikuwa cha rangi nzito. Kuanzia shingoni kwenda juu ni mwanga mtupu.

Ningeuacha tu mkanda huo kama si Kabula. Ulituachia mdogo wangu bado ananyonya, leo ana miaka minane, na picha yako hatuna hata moja. Aliponiuliza, "Kaka, mama alikuwaje usoni?" nikamwahidi nitamwonyesha. Nimepunguza mwanga, nimeongeza rangi, nimenakili kutoka deki hii kwenda ile, nakala ya nakala. Weupe umegeuka kijivu, basi. Yule mzee wa Kihindi mwenye duka la redio alikuja akatazama, akanishika bega. "Kijana yangu, kamera haikuchukua uso," akasema. "Sasa wewe utatoa wapi?"

Jumamosi ya wiki ya kwanza Kabula akaingia ghafla. Mkanda ulikuwa umefika pale jirani yetu, Mama Shija, alipokaa kivulini akikata viazi. Kivulini pametoka safi kabisa, hadi meno yanaonekana.

"Huyu ndiye mama?"

Nilikuwa hoi, Mayu. Nikasema ndiyo.

Mama Shija alihamia Rwamgasa zamani, mtoto hamjui. Na alivyofurahi, jamani! Kila siku anataka nimwekee "mama". Anagusa kioo, anasema wamefanana pua. Ameshawaita na wenzake wa shule waje wamwone. Mimi nakaa pembeni kwa aibu.

Kesho namwambia. Atalia, labda atanichukia, na atakuwa na haki. Nilitaka ningoje akue kidogo, lakini siwezi tena. Uso ule nimeukodolea macho siku nyingi mno, mara nne, mara tano kwa siku, kwa ajili yake. Jana nililala kitandani nikafumba macho nikukumbuke wewe, Mayu, na aliyekuja ni Mama Shija.

Nisamehe, mama. Pumzika.

Ni mimi, mwanao wa kwanza