Nani Atampokea Muzee Ramazani?

Goma, Jumatano. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya hapa ambayo mawe meusi ya volkeno huinywa yote, na baada ya muda mfupi njia inakaa kana kwamba hakukunyesha kitu. Viatu vyangu tu ndivyo vinakumbuka. Nimefurahi. Ninaliandika neno hilo kwanza, kabla sijaanza kulitafutia sababu na kuliharibu.

Shajara yangu, siku hizi nimekuwa nikikuletea manung'uniko tu. Leo pokea shukrani.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni ergothérapeute, neno refu ambalo mama yangu kule Bukavu hajawahi kulimaliza. Huwaambia majirani kwamba binti yake anafundisha watu wazima kuvaa shati. Hajakosea sana. Kituoni kwetu Katoyi huja askari wa zamani wasio na nyumba, watu waliotoka jeshini na mwili uliopungua, wakaishia kulala kwenye baraza za maduka. Ninawafundisha upya mambo ya kila siku: kufunga vifungo, kupika kwa mkono mmoja, kuishi na majirani, kukaa ndani ya nyumba.

Muzee Ramazani ni mmoja wao. Mtu wa Kindu, mrefu, mpole, mwenye mzaha wa chini chini. Mkono wake wa kulia hauna kidole gumba. Amelala nje miaka mingi hadi anajua kila duka la soko hufungwa na nani na nani husahau kufuli. Mwezi uliopita tulimpatia chumba Mabanga, katika parcelle, yaani kiwanja chenye nyumba, ya Mama Kavira, mjane wa Butembo anayeuza maharage na vitunguu. Kumpata mwenye nyumba anayekubali askari wa zamani siku hizi si mchezo. Niliomba, nikabembeleza, nikaapa kwamba huyu muzee hana matata.

Na kweli hana matata. Ila hakulala ndani.

Kila jioni alifagia chumba, akatandika kitanda vizuri kama anamngoja mgeni wa heshima, kisha akatoka na kuketi mlangoni juu ya katoni, mgongo kwenye mbao za mlango. Asubuhi watu walimkuta hapo hapo. Majirani wakaanza maneno. Mmoja alisema ni mchawi, mwingine alisema ni mpelelezi, na wa tatu, ambaye huwa hakosi la kusema, alisema ni yote mawili.

Jumapili baada ya misa Mama Kavira alinivuta pembeni.

— Mama Ergo, miye sina neno mbaya na huyu muzee. Lakini siku hizi, mutu akilalaka inje mu mulango ya mutu, watu wanaulizaka maulizo. Leo ni majirani, kesho ni wenye bunduki. Akiingia mu nyumba alale kama watu, abakie. Kama hapana, siku ya Mungu yenye kuya unamutafutia fasi ingine.

Siku ya Mungu ni Jumapili; alinipa wiki moja. Sikumlaumu. Aliogopa, na hofu yake niliielewa, maana hata mimi ninayo. Lakini nilijua chumba kingine hakipo. Muzee akitoka pale anarudi barazani, na kwa mvua hizi na kikohozi alicho nacho, sikuwa na hakika kama angeufikia mwisho wa msimu.

Mimi ni mtu wa mikono, basi tangu mwanzo nilikuwa nimefikiri tatizo ni mkono.

Bila gumba, ufunguo mdogo haushikiki. Nikajiambia, muzee anaogopa kujifungia ndani kisha ashindwe kutoka. Fundi mmoja wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, alinipa kipande cha mti kilichobaki alipokuwa anachonga usukani. Nikakitoboa, nikaupachika ufunguo humo, nikauzungushia mpira wa baiskeli ili usiteleze. Muzee akaushika kwa kiganja kizima, akageuza. Klik! Nilipiga makofi peke yangu pale uani. Jioni ile alifunga mlango vizuri kabisa kwa ufunguo wangu. Alikuwa nje.

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Halafu nikaacha kucheka.

Nikaleta taa ndogo ya sola, labda giza. Nikashusha godoro sakafuni, labda hakuzoea kulala juu. Alinishukuru kwa kila kitu, kwa heshima zote, na akaendelea kulala nje.

Kumuuliza ndiko sikuthubutu. Tunafundishwa tusimsukume mtu aliyepitia vita, tusubiri afunguke mwenyewe, na nilisubiri kwa bidii hata swali la kawaida likanitoka kichwani. Watu husema kuuliza si ujinga. Jana nikauliza.

Ilikuwa jioni, mwanga bado upo. Nilimkuta anachambua maharage pamoja na Mama Kavira. Hiyo ni kazi niliyompa kwa ajili ya vidole, na Mama Kavira, mfanyabiashara kamili, alikuwa ameshaongeza gunia la pili. Mama aliketi na ungo wake karibu na mbabula, jiko la makaa, akipuliza moto. Nikavuta kigoda.

— Muzee, juu ya nini unalalaka inje?

Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa suruali.

— Mama, miye niko zamu. Hakuna mutu alinipa relève.

Relève ni neno la jeshini. Ni yule anayekuja kukupokea zamu ili wewe uende kulala. Bila relève, askari haachi mahali pake.

Akaeleza kwa kifupi, bila kuinua macho kutoka kwenye maharage. Zamani sana, kwenye kilima kimoja upande wa Kibati, aliwekwa zamu. Mwenzake alikuwa aje kumpokea. Hakuja. Muzee akasubiri, na akiwa bado anasubiri ndipo alipopoteza kidole. Ikafuata hospitali, na baadaye akaambiwa kazi ya jeshi imekwisha. Lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yake na kumpokea ile zamu. Na hakuchanganyikiwa, jamani. Anajua kilima kiko mbali, anajua yuko Mabanga.

— Kichwa inajua, alisema. Ni mwili ndiyo inakatalaka.

Nikamuuliza mwenye kutoa relève hufanya nini hasa.

— Anasimama mbele yako. Anauliza kama kuko kitu. Unamuambia. Halafu anasema, relève. Unaenda kulala.

Basi nikachangamka. Nikaanza kupanga kwa sauti: nitatafuta askari mwenzake pale kituoni, aje kila jioni, tutaona nani anaishi karibu, tutafanya réunion, kikao cha wote. Mama Kavira akaweka ungo chini. Akasimama, akakaza kitenge chake.

— Ya nini kutafuta mutu mbali? Muzee, simama.

Muzee akasimama. Nadhani miguu yake iliitika kabla yeye mwenyewe hajaamua.

— Kuko kitu?

Alimtazama, akanitazama mimi. Niliogopa ameona tunamfanyia mchezo.

— Mama, weye hauko askari.

— Hii parcelle, tangu bwana yangu alikufa, ni nani anailindaka? Ni miye. Nauliza tena: kuko kitu?

Makaa yalilia kidogo. Kisha muzee akanyoosha mgongo.

— Hakuna kitu, mama. Mbuzi ya jirani tu ndiyo ilipita. Ilikula maganda ya ndizi.

— Nimesikia. Relève.

Hakuondoka mara moja. Alibaki amesimama, na mimi nikaona mabega yake yanashuka polepole. Akaiokota katoni yake, akaikunja, akaingia ndani. Tukasikia ufunguo unageuka. Klik. Safari hii kwa ndani.

Mama Kavira alirudi kwenye ungo.

— Nyiye watu wa Bukavu, réunion mingi, aliniambia.

Sikubishana. Nilijifanya moshi wa mbabula umenipata machoni.

Leo asubuhi, kabla ya kazi, nilipitia Mabanga chini ya mvua. Nakiri niliogopa kufungua lile geti la bati. Nilifungua. Mlangoni hapakuwa na mtu. Maji yalitiririka juu ya mawe pale pale ambapo angekuwa ameketi. Mama Kavira alikuwa anafunga mizigo ya soko. Aliponiona akaweka kidole mdomoni, akaonyesha mlango kwa kidevu. Muzee Ramazani alikuwa anakoroma.

Asante Mungu. Nilisema kwa sauti.

Tukiwa bado tumesimama, mlango ukafunguliwa. Akatoka na uso uliovimba kwa usingizi, shati limefungwa vibaya, kifungo kimoja kimeruka tundu lake, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikutaka kukirekebisha. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya Mama Kavira.

— Mama, kuko kitu?

Mama akashtuka, beseni la vitunguu mikononi.

— Hakuna, muzee. Mvua tu.

— Basi relève. Enda ku soko. Niko hapa.

Nilitoka na Mama Kavira hadi barabarani, beseni kichwani mwake, mimi na mwavuli wangu usiotosha watu wawili. Karibu na njia panda ndipo aliposema:

— Tangu bwana yangu alikufa, hakuna mutu alishaniambia vile: Enda, miye nitabakia.

Kisha akajipangusa uso, akasema ni mvua, na akaniambia siku ya Mungu nije kula. Kutakuwa na bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, na muzee ndiye atasonga bugali, kama mimi ninafundisha watu kweli. Siku ya Mungu! Ile ile aliyokuwa amemwekea muzee kama mwisho.

Najua haijaisha. Mwili uliosubiri miaka yote hiyo unaweza kukataa tena usiku wowote. Lakini leo nimeshiba shukrani: kwa mjane mwenye ungo, kwa fundi wa chukudu, hata kwa mbuzi wa jirani na maganda yake. Jioni nilipotoka kazini miguu ilitaka kupitia Mabanga nione kama wanapokezana. Niliizuia. Zamu ile si yangu.

Kesho kituoni anakuja muzee mwingine, ambaye hakubali kabisa kuvua viatu. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa kumpima miguu. Nitakaa kwanza, tutazamane, nimuulize: Muzee, ni nani alikuwa akupokee?