Dakika Moja ya Kimya kwa Baba

Kitale, Alhamisi, Juni 2004

"Tumewapa wazee wetu wa vita heshima yote." Diwani wa kwetu nyumbani alisema hivyo leo mjini Bungoma, baada ya baraza kupitisha azimio la kuwaenzi askari waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Uongo. Walisoma majina, kisha wakatuamuru tusimame kimya, kama tunavyofanya kwa marehemu. Jina la baba lilikuwemo. Baba alikuwa ameketi kando yangu.

Naye akasimama, akavua kofia.

"Mzee, hao wanakuomboleza wewe!" nilimnong'oneza.

"Najua. Lakini wenzangu wametajwa pia. Nyamaza, wewe."

Nikanyamaza. Mimi, ninayegombana na kila mtu.

Tulipotoka nilimweleza diwani kwamba mmoja wa marehemu wake ndiye huyu. Akacheka. "Ah, mwalimu, si tumewahi tu kidogo, bana?"

Mpaka sasa hasira haijaja, na hilo linanitisha. Kifua cha baba ni kibaya. Huenda asiuone mwaka ujao.

Madiwani wa Bungoma, rudini ukumbini wiki hii. Mwiteni baba kwa jina lake, naye aitike.