Michirizi ya Sarafu Mgongoni mwa Wening

Mpendwa Bu Prihatin, mama mshauri wetu wa gazetini, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, mimi ni bibi wa miaka sitini na nane hapa Klaten, Indonesia, namlea mjukuu wangu Wening tangu mama yake aende kufanya kazi Taiwan, ana miaka kumi na mitano, anacheza badminton timu ya shule na wali anakula sahani mbili, sasa wamekuja madaktari wa chuo kikuu wanatafuta vijana wazima wawapime moyo kwa ultrasaundi, wajue moyo wa kijana mwenye afya unavyofanya kazi, timu nzima imechaguliwa, watapimwa Jumatatu, Wening anarukaruka kwa furaha, lakini Bu, mwaka huu ameanguka uwanjani mara mbili, macho yakaingia giza, mimi nikasema ni upepo umemwingia, nikamkwangua mgongo kwa sarafu na mafuta mpaka ikatoka michirizi myekundu, akaamka mzima, basi kwenye fomu walipouliza kama amewahi kuzimia nikatia saini hapana, maana upepo si ugonjwa, hata wewe unajua, juzi roho ikanisuta nikamwambia, "Nduk, binti yangu, twende tukawaambie," akanijibu, "Mbah, bibi yangu, ukisema tu wananitoa, na kocha naye ananitoa! Niapie hutasema!" nikaapa, kwa kuwa nampenda na sina mwingine, sasa nikisema atanichukia, nikinyamaza naogopa nisije nikamzika, nifanyeje?

Mbah Suratinem

Shikamoo, Mbah, nimeisoma barua yako. Mimi pia marehemu mama alinikwangua mgongo mpaka nikawa na milia kama paka, kwa hiyo sikucheki. Lakini aliyeingiwa na upepo hutetemeka, tumbo likajaa, akacheua. Msichana anayeanguka katikati ya mbio? Hapana, Mbah! Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wala usijidanganye eti mashine itaona yenyewe. Inaweza isione, kwa sababu atapimwa amelala, na yeye huanguka akikimbia. Halafu wale madaktari wanatafuta kipimo cha moyo mzima. Ukiwachomekea moyo wenye shaka, watoto wa wenzio watapimwa kwa mizani iliyopinda.

Uliapa? Kiapo cha kuficha ugonjwa wa mtoto hakikufungi. Ila usimzunguke. Leo hii mkaangie tempe ya soya, akishashiba mwambie, "Nduk, Jumatatu nitasema, na wewe utakuwepo ukinisikia." Atalia, atabamiza mlango. Mwache alie. Uwanjani asitie mguu mpaka daktari aruhusu. Jumatatu nendeni wote wawili, fomu isahihishwe, na muombe daktari wa moyo amchunguze kama mgonjwa. Akianguka tena kabla ya hapo, usishike sarafu, mkimbize hospitali. Huenda hana kitu, akarudi kuwatandika wenzake uwanjani.

Mgongo wa Wening unaujua kuliko mtu yeyote, Mbah. Sasa waache wengine watazame kifua chake, wewe mshike mkono.