Mtoto Niliyemfuta kwa Penseli

Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa,

Sijui barua hii itakufikia kwa njia gani. Treni haiendi tena Kabalo tangu vita vikate reli, na anayetoka upande huo hana nafasi ya kubeba barua za watu. Kwa hiyo nimeiacha wazi. Atakayeishika aisome, akufikishie hata kwa mdomo. Na watu wa Kamina wakiisoma, vizuri zaidi, maana mbele yao ndipo nilipokaa kimya.

Unakumbuka tulivyoanza? Bima ya watoto, ile tuliyoiita mutuelle: nyumba inaleta ndoo ya mahindi wakati wa mavuno, na mtoto anatibiwa mwaka mzima kwenye zahanati ya kanisa. Ninyi akina mama wa kutembelea nyumba mlikuwa mnabisha kila mlango, hata kwa walioandikishwa zamani. Siku moja uliketi ofisini kwangu, ukavua viatu, ukaniambia miguu imekwisha. Mimi karani nikachukua fishi, zile karatasi za chanjo za kila mtoto, nikazilinganisha na rejista ya mutuelle, na kila mtoto aliyechanjwa lakini hana kadi nikamwandika kwenye orodha. Mkawa mnakwenda moja kwa moja kwenye milango hiyo. Watoto wakaandikishwa kuliko tulivyotarajia, nawe ukanipikia bukari, ugali wetu, na samaki wa Kinkondja, ukiniita Bwana Orodha. Nilivimba kichwa, Yaya, nakubali.

Ndipo nikaanza kuisafisha orodha. Jina likitokea mara mbili katika nyumba moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, nafuta moja kwa penseli. Nilijiona mtu wa akili kweli. Ukasimama nyuma yangu.

“Banza, pale kwa Mama Ngoie batoto beko babili. Bote ni Ilunga, balibapa jina ya nkambo wabo. Usikate.”

“Yaya, fishi haisemake uongo.”

“Basi wende ukaone na macho yako.”

Mimi, Muluba, niliyepewa jina la babu yangu pamoja na binamu zangu wawili! Nilihitaji nini kuelewa? Nyumba yenyewe haikuwa mbali. Sikwenda, na nikakukataza kuandikisha mtoto ambaye hayumo kwenye orodha.

Mambo ya dirishani pa zahanati, nilipokuwa nikikagua kadi, sikuwahi kukueleza. Mama Ngoie alikuja na Ilunga wake mgongoni, anachemka homa, shingo imekaza. Alikuwa ameazima kadi ya Ilunga wa shemeji yake, wa nyumba ile ile. Nikafungua rejista, nikaona kadi hiyo imetumika jana yake. Nikamwambia mbele ya foleni nzima kwamba wanazungusha kadi, arudi kwake. Alimfunika mtoto kitenge kichwani akaondoka. Aliporudi siku ya tatu, muuguzi alimpokea bila kuuliza kadi. Ilunga alipona, lakini masikio yake hayakurudi.

Kwenye mkutano wa kamati waliuliza kwa nini mtoto yule hakuandikishwa, na mlango ule ulikuwa wa nani kuutembelea. Orodha yenye alama ya penseli ilikuwa mapajani mwangu, chini ya kofia. Ulinitazama. Nami nikatazama chini, Mungu anisamehe.

“Ile avenue iko yangu,” ulisema, yaani mtaa ule ni wako, na kosa ni lako.

Wakakuondoa kwenye kazi uliyoipenda. Ukasema huna tena cha kukuweka Kamina, ukamfuata shemeji, mume wako, kwenye kazi yake ya reli huko Kabalo. Nilikubebea mizigo hadi stesheni nikiongea habari za hali ya hewa. Miezi michache baadaye vita vilipita katikati yetu. Kama ungekuwa bado na kazi yako, ungekuwa hapa. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa namna nyingine, halibadiliki.

Juzi, baada ya miaka hii yote, nilikwenda hatimaye kwa Mama Ngoie. Nilikuta Ilunga wawili uani wanapura maharage. Mmoja aliinua kichwa nilipobisha hodi, mwingine hakuinua. Nilimwambia Mama Ngoie yote, ya penseli na ya dirishani na ya mkutano, huku nimesimama kwa sababu sikuthubutu kuketi. Aliendelea kupepeta maharage.

“Minajua,” alisema. “Yaya yako alikuyaka hapa mbele ya kupanda treni. Alipiga magoti pale unasimama. Alisema: mudogo yangu alikosea, haiko roho mubaya. Akaniomba nisikuulizake siku hata moja, juu utakufa na haya.”

Nikaketi chini, Yaya. Nilikuwa nimekuja kukiri kosa langu, kumbe ulikuwa umeliombea msamaha ukiwa na tiketi mkononi.

Jumapili nitasoma barua hii kanisani, mbele ya kamati ile ile, nikiwa nimesimama. Kama ungali hai, rudi mambo yakitulia. Kama hu hai tena, sijui nimwombe nani msamaha.

Ni mimi, mdogo wako uliyemficha,
Banza