Ubeti Nilioukata

Korogwe, Jumanne

Ubeti wa mwisho niliukata mimi, si mhariri. Shairi lilikuwa refu.

Mzee Athumani alikatwa mkono na korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge. Shairi alilitunga akitumaini kupewa kazi ya kulinda lango la shamba, ili asitolewe kwenye nyumba ya kambi ya wafanyakazi. Katika beti tatu mashine inamwomba msamaha kama ndugu. Wasomaji wanapenda mashine yenye moyo, nikazichapa gazetini. Ubeti wa nne ulisema msimamizi ndiye aliyeondoa kifuniko cha mashine ili kazi iende haraka.

Leo ofisini, meneja wa shamba alimsomea mzee gazeti mbele yangu.

"Mzee, umesema mwenyewe wewe na mashine mmepatana. Sisi tuna kosa gani? Jumamosi uhame."

Makarani walicheka. Mmoja akasema, "Akakae kwa ndugu yake korona."

Nje, mzee aliniuliza ubeti wake wa nne ulikwenda wapi. Nikamjibu kwamba nafasi haikutosha.

"Na ile picha ya mashine, ndugu mwandishi?"

Picha ilichukua nusu ukurasa. Niliipiga mwenyewe.